Ruhusa ni ya nani?

Tulikuwa kwenye kibanda cha tambi nyuma ya ofisi, hapa Guangzhou, kusini mwa China, tukisubiri kontena la vigae litoke forodhani, ndipo mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba haolewi tena.

Kijana hajamwacha. Wanapendana, na huu ni mwaka wa nne wanaishi kinyumba kwenye chumba na sebule cha kupanga huko Panyu, wilaya moja ya mji huu. Kodi wanagawana, na wanafuga paka mmoja mnene kupita kiasi.

Kwa miaka miwili mama yake alilifungia kabatini daftari la hukou, lile linaloandika watu wote wa kaya. Upande wa kijana haukuweza kutoa mahari aliyoitaja mama, wala haukuwa na nyumba mjini. Bila daftari hilo hakuna ofisi ambayo ingewafungisha ndoa, hata kama wamefika wenyewe, watu wazima, na vitambulisho mkononi. Kisha tarehe 10 Mei 2025 kanuni mpya zikaanza kutumika: kitambulisho kinatosha, na ndoa mnaweza kuisajili mji wowote mliopo.

Nikampongeza. Nikamuuliza ni siku gani.

"Dada," akasema, "nilipojua kwamba simhitaji tena mama, nikajiuliza ni nani hasa anayeitaka hii ndoa. Nikakosa jibu."

Akarudi kwenye bakuli lake. Kontena lilitoka kesho yake. Mimi maneno yale yamenikaa kifuani wiki nyingi, na naandika kwa sababu maelezo yote niliyokuwa nayo kuhusu vijana wa nchi hii hayatoshi kuyabeba.

"Wamekuwa Wazungu"

Nikipiga simu nyumbani, maelezo ni yaleyale. Wachina wamepata hela, wamewaacha wazee wao, sasa kila mtu anaishi na amtakaye. Wazee wa hapa nao husema hivyohivyo, na hata lawama wanaielekeza kulekule: sinema za nje, simu, mji mkubwa.

Lakini mtu aliyetupa maadili hagombani na mama yake miaka miwili kwa ajili ya cheti cha ndoa. Mwenzangu aligombana. Kila sikukuu ya mwaka mpya alipanda treni kwenda kwao, jimbo la Jiangxi, akaketi sebuleni, akaomba. Akakataliwa, akarudi, akaendelea kuishi na kijana wake, na mama alijua. Mama alijua siku zote. Alimpakia hata mayai ya chumvi "ya watu wawili".

Hapo ndipo pa kuanzia. Kulala na mtu kabla ya ndoa hakukumuuma mama kama nilivyodhani kungemuuma. Kilichomuuma ni mambo kuamuliwa bila yeye.

Barua kutoka kiwandani

Mama huyo alifanya kazi katika kimoja cha viwanda vya serikali vya kaure huko Jingdezhen, mji ambao kwa karne nyingi umeuza vyombo hadi pwani yetu. Bakuli za buluu na nyeupe zilipachikwa mpaka kwenye makaburi ya waungwana. Aliolewa mwaka 1994. Kabla ya kwenda ofisi ya usajili alihitaji barua ya kiwanda ikisema kwamba ni mseja na kwamba kiwanda hakina pingamizi. Alihitaji pia kupimwa na daktari, kwa lazima. Akishaolewa, kuzaa nako kulihitaji kibali. Akishazaa, kitanzi cha kuzuia mimba.

Kiwanda ndicho kilichompa nyumba na zahanati, na ndicho kilichomwajiri mwanamke wa kufuatilia uzazi wa mpango, aliyejua siku za kila mfanyakazi wa kike. Msomaji ajaribu kufikiri maana yake. Kuna mtu wa ofisini anayejua lini ulipata hedhi, na ni haki yake kukuuliza.

Kizazi hicho kilikua chini ya kosa la jinai lililoitwa uhuni. Liliingizwa kwenye sheria mwaka 1979 na kukaa humo hadi 1997. Ndani yake ulitiwa ugomvi wa mitaani, ukabebwa uhusiano nje ya ndoa, wakabebwa wanaume waliopendana na wanaume, zikabebwa hata dansi za faragha taa zikiwa zimepunguzwa. Wakati wa operesheni ya mwaka 1983 adhabu yake ilifikishwa hadi kifo, na watu waliuawa kweli. Mama wa mwenzangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anakumbuka malori yaliyobeba wafungwa yakizungushwa mjini.

Kwa hiyo ninapomsikia mzee wa Kichina akisema zamani watu walikuwa na haya, naamini. Ila siku hizi huwa najiuliza pia ni kiasi gani cha haya ile kilikuwa haya, na kiasi gani kilikuwa hofu.

Hakuna siku iliyotangazwa kwamba sasa mko huru. Ruhusa zilidondoka mojamoja, kimyakimya, mara nyingi kwa sababu za kiuchumi kuliko za kimaadili. Viwanda vingi vya serikali vilifungwa miaka ya tisini na pamoja navyo wakaondoka waandishi wa barua. Oktoba 2003 barua yenyewe ikafutwa, na kipimo cha lazima kikafutwa pia. Septemba 2005 wanafunzi wa vyuo vikuu wakaacha kufukuzwa kwa kuoa au kuolewa. Mamilioni ya vijana walikuwa wamehamia jimbo hili la Guangdong kushona viatu na kuunganisha redio, mbali na macho ya kijiji, wakilala kwenye mabweni na baadaye kwenye vyumba vya kupanga. Chumba cha kupanga kimebadilisha maisha ya watu wa hapa kuliko sinema yoyote ya Marekani.

Takwimu zinazokwenda njia mbili

Li Yinhe, mwanasosholojia anayejulikana nchi nzima, alichunguza wakazi wa Beijing mwaka 1989 akakuta asilimia 15 hivi waliokubali kwamba walifanya mapenzi kabla ya ndoa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012 ulitaja asilimia 71. Ndani ya miaka isiyofika 25, jambo lililokuwa la wachache likawa la wengi. Hata ukikata sehemu kubwa kwa ajili ya woga wa kujibu ukweli mwaka 1989, bado ni mageuzi makubwa.

Ukiishia hapo, maelezo ya nyumbani yanasimama.

Ila angalia upande wa pili. Mwaka 2013 ndoa zilizosajiliwa China zilizidi milioni 13. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1. Sehemu ya anguko hilo ni hesabu tu: sera ya mtoto mmoja ilizaa kizazi kidogo, na kizazi kidogo kina maharusi wachache. Sehemu nyingine ni uamuzi. Mwaka 2021 Umoja wa Vijana wa Kikomunisti uliwauliza vijana 2,905 wa mijini, wa miaka 18 hadi 26, ambao hawajaoa wala kuolewa. Karibu asilimia 44 ya wanawake walisema hawataolewa, au hawana hakika kama wataolewa. Kwa wanaume ilikuwa karibu asilimia 25.

Nilikaa muda mrefu na pengo hilo. Kama tatizo lingekuwa maadili kulegea, wanaume na wanawake wangelegea pamoja. Pengo linasema kwamba wanaona vitu viwili tofauti wanapoitazama ndoa ileile.

Na wanaume hao wana shida yao, nisiipite. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wanaume wanawazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni wasichana ambao hawakuzaliwa, kwa sababu wazazi walioruhusiwa mtoto mmoja walitaka awe wa kiume. Leo kijana wa kijijini Jiangxi au Gansu anaambiwa alete mahari ya kuchosha ukoo mzima, pamoja na nyumba, pamoja na gari. Wengi wa vijana hao hawana mtu na hawatampata. Mtandaoni hasira yao inawageukia wanawake wa mijini, na baadhi ya maneno wanayoandika siwezi kuyarudia hapa. Ni kizazi kinachosemwa kimezama kwenye starehe, na wengi wao wanalala peke yao.

Nani aliyemfundisha?

Nilimuuliza mwenzangu alijulia wapi mambo ya mwili. Akasema kwenye bweni la chuo, usiku, kutoka kwa msichana wa kitanda cha juu aliyekuwa na simu nzuri.

Shuleni mwalimu wa biolojia aliwaambia wakasome sura ile wenyewe. Mama hakusema neno. Huko kwetu pwani tulikuwa na somo na kungwi. Unaweza kuyapinga mengi waliyofundisha, lakini kulikuwa na mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Yeye hakuwa na mtu. Alikuwa na mlinzi wa bweni, mama wa makamo aliyefunga mlango usiku na kuwafukuza wavulana, na nje ya geti la chuo kulikuwa na hoteli ndogo zinazokodisha chumba kwa saa.

Katikati ya mlango uliofungwa na chumba cha saa, hakukuwa na somo lolote.

Siyo kwamba hakuna aliyejaribu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing waliandika vitabu vya watoto vinavyotaja viungo vya mwili kwa majina yake na kumfundisha mtoto kukataa kuguswa. Mwaka 2017 mzazi mmoja wa Hangzhou alipiga picha kurasa na kuziweka mtandaoni kwa mshtuko, na shule ikavikusanya vitabu. Sheria ya kulinda watoto iliyoanza kutumika Juni 2021 ndiyo ya kwanza kutaja wazi elimu ya jinsia. Mwenzangu wakati huo alikuwa na miaka 25.

Gharama ya kimya hicho inajulikana. Kwa miaka mingi takwimu rasmi zimehesabu mimba milioni 9 hivi zinazotolewa kila mwaka. Miongoni mwa wanaozitoa wapo wake za watu, na wapo wasichana wa vyuo na viwanda waliozoea kuona tangazo la "bila maumivu, dakika tatu" kwenye basi kabla hawajawahi kuona maelezo ya kondomu darasani.

Na hukumu inamwangukia nani? Msichana. Kijana aliyeishi na wanawake watatu ana uzoefu. Msichana aliyeishi na mmoja anaulizwa na wakwe watarajiwa, kwa upole wa kutisha, kama "amewahi kuwa na historia". Zipo kliniki zinazouza upasuaji wa kurudisha ubikira, na wateja wake si bibi zetu. Kijana wa mwenzangu, ambaye ni mtu mwema, aliwahi kuniambia kwamba jambo hilo halimsumbui "kwa sababu yeye ndiye wa kwanza". Aliyasema haya mbele ya mwenzangu. Nilimwona akishusha macho.

Sidhani kizazi hiki kimeacha maadili. Nadhani wanawake wake wameyasoma yale ya zamani kwa makini wakaona jina la nani limeandikwa sehemu ya malipo.

Wasio na ofisi ya kwenda

Najua baadhi yenu mngependa niishie hapo. Siwezi, kwa sababu yupo mwenzetu mwingine ofisini ambaye daftari la hukou, lifungwe au lifunguliwe, halimhusu.

Yeye hupenda wanaume. Anatimiza miaka 33. Kosa la uhuni lilifutwa akiwa mtoto, na mwaka 2001 madaktari wa China waliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa ya akili, kwa sehemu kubwa. Alipoanza kazi, Shanghai ilikuwa na tamasha lake la mashoga la kila mwaka. Aprili 2018, mtandao wa kijamii wa Weibo ulipotangaza kusafisha maudhui ya mashoga, watu wengi mno waliandika "mimi ni shoga" hivi kwamba kampuni ilirudi nyuma ndani ya siku chache. Alidhani mlango umefunguka. Tamasha la Shanghai likasitishwa mwaka 2020. Julai 2021 kurasa za vikundi vya wanafunzi mashoga zikafutwa kwenye mtandao wa WeChat kwa usiku mmoja. Mei 2023 kituo chao cha Beijing kikafungwa.

Wazazi wake ni wakulima, na yeye ni mtoto pekee. Mwaka juzi alifunga ndoa na mwanamke anayependa wanawake, aliyempata kupitia tangazo la mtandaoni la watu wenye haja kama yake. Karamu ilikuwa na meza 20. Wote wawili wanaishi kwingine, na wakati wa sikukuu wanasafiri pamoja kwenda kijijini kwa huyu, kisha kwa yule.

Ndoa hiyo ina cheti, mahari, picha, na baraka za koo mbili. Ya Panyu haina kitu hata kimoja. Nimejiuliza mara nyingi ipi kati ya hizo mbili wazee wangesema ina maadili, na jibu ninalijua, na linaniumiza.

Mwenye kukataza sasa anaomba

Serikali iliyotoa vibali vya kuzaa sasa inataka watoto. Tangu 2016 watoto wawili, tangu 2021 watatu. Mwaka 2025 imetangaza yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Vyuo vikuu vimehimizwa kufundisha somo la mapenzi na ndoa. Kondomu, ambazo zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani tangu mwaka 1993, zinatozwa asilimia 13 kuanzia Januari 2026.

Mwenzangu alipigiwa simu na ofisi ya mtaa wa kwao. Sauti ya kike, ya adabu, ilimuuliza kama ameolewa, na kama ana mpango wa kushika mimba, na siku zake za mwisho zilikuwa lini.

Alimpigia mama yake kumsimulia, akidhani watacheka pamoja. Mama hakucheka. Alinyamaza, halafu akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja: kwamba baada ya yeye kuzaliwa alishika mimba mara mbili, kitanzi kilimwacha, na mara zote mbili yule mwanamke wa kiwandani alimsindikiza hospitali mwenyewe. Mara ya pili ilikuwa imefika miezi mitano. Karatasi ya kukubali ilisainiwa na mume, kisha na kiwanda. Yeye hakuna aliyempa kalamu.

Ilikuwa mara ya kwanza mama na binti kuzungumza juu ya mwili. Miaka 29.

Sitaki kuyafanya mazungumzo hayo kuwa makubwa kuliko yalivyokuwa. Mama bado anataka harusi. Bado anasema watu wa Jingdezhen wanamuuliza. Nami nina mashaka yangu. Mwenzangu ana mshahara, ana mji mkubwa unaomficha. Msichana wa kiwandani Dongguan ataitwa nyumbani mwaka mpya, atakutanishwa na wanaume kadhaa ndani ya wiki moja, na ataolewa kabla ya kupanda kusini tena. Kwake "sikuona anayeitaka ndoa hii" ni anasa. Na mwenzangu mwenyewe akipata mtoto bila ndoa, jimbo baada ya jimbo limerahisisha usajili, Sichuan ikiwa miongoni mwao mwaka 2023, lakini mwajiri ana macho yake. Akitaka kugandisha mayai ya uzazi akiwa mseja, hospitali haitakubali. Yupo mwanamke, Xu Zaozao, aliyeipeleka hospitali ya Beijing mahakamani kwa hilo, na rufaa yake ya mwisho ikakataliwa mwaka 2024.

Nilimuuliza haogopi? Anaogopa. Anaogopa ajali, na saratani iliyomuua shangazi yake, na usiku ambao daktari atauliza nani ndugu wa mgonjwa na kijana aliyeishi naye miaka minne atasogezwa pembeni kama mpita njia.

Karatasi nyingine

Yule mwenzetu aliyeoa kwa maonyesho ndiye aliyemwelekeza. Sheria ya madai ya China inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumteua kwa maandishi mtu mwingine, hata asiye ndugu, awe msimamizi wake siku atakapopoteza uwezo wa kujiamulia. Mnaandikishana kwenye ofisi ya uthibitishaji nyaraka, mnasaini, basi. Wazee wasio na watoto huitumia. Watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja wamekuwa wakiitumia kwa miaka. Yeye na mpenzi wake wanayo.

Mwenzangu na kijana wake wamesaini mwezi uliopita. Kijana alitaka ndoa, na bado anaitaka. Aliniambia wazi kwamba alisaini akiwa na huzuni, na kwamba alisaini hata hivyo.

Mama aliambiwa kwa simu baada ya shughuli kwisha. Hakuuliza habari za mahari. Aliuliza kama karatasi hiyo inampa kijana haki ya kusaini hospitalini.

Inampa, alijibiwa, lakini pale tu ambapo mwenyewe hawezi kushika kalamu. Akiweza, anasaini mwenyewe.

"Hiyo nzuri," mama akasema, na akataka atumiwe nakala.